Mgongo Unaouma Nyumbani: Kusoma Dalili Kabla ya Kununua Chochote

Mtu ambaye hakupata usingizi kwa sababu ya mgongo yuko tayari kununua karibu kitu chochote kinapokucha. Atapewa mkanda wa kufunga kiunoni, godoro linaloitwa la tiba, mafuta ya kuchua, mto wenye umbo la pekee na mashine ndogo ya umeme, na kila muuzaji atamhakikishia kwamba bidhaa yake huponya matatizo yote ya mgongo. Bidhaa ya namna hiyo haipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba takriban wagonjwa 9 kati ya 10 hawana chanzo kimoja kinachoweza kuonyeshwa kwa kipimo. Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kuyajua akiwa nyumbani, nayo yanatosha kuongoza manunuzi: saa ambayo maumivu huja, na tendo linaloyaleta au kuyazidisha. Kabla ya kutoa fedha, yaangalie mambo hayo kwa siku chache na kuyaandika.

Dalili ambazo hazina bidhaa ya dukani

Hizi zitangulie, kwa sababu mtu anaweza kupoteza uwezo wa kutembea akiwa bado anajaribu mafuta. Ikiwa maumivu ya mgongo yameambatana na ganzi kati ya mapaja na kuzunguka sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka bila kujizuia, haja kubwa kutoka bila kuhisi, au miguu yote miwili kuishiwa nguvu, huenda neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo kwa aliyeanguka kutoka juu au kupata ajali ya pikipiki, na kwa mzee, au mtu aliyetumia kwa muda mrefu dawa za steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe mwilini, ambaye mgongo wake umeanza kuuma baada ya kuteleza kidogo tu, kwani pingili zilizodhoofika huweza kuvunjika kwa kishindo kidogo.

Katika nchi zetu ipo dalili nyingine inayosahaulika mno. Maumivu yanayoongezeka polepole kwa wiki nyingi, yasiyotulia hata mtu akilala, yakiwa na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mgonjwa huenda asikohoe kabisa, na ndiyo maana familia nyingi huendelea kumkanda mgongo mpaka kibyongo kinapoanza kuonekana. Ugonjwa huu unatibika kwa dawa za kifua kikuu, ambazo hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali vya Tanzania na Kenya. Mtu aliyewahi kuugua saratani naye asianzie dukani. Maumivu ya upande mmoja chini ya mbavu, pamoja na homa na mkojo unaochoma, yanaelekeza kwenye figo, si kwenye godoro.

Maumivu huwa makali asubuhi na kupungua kabla ya saa nne

Hapa watu wengi hulaumu godoro, na mara nyingi wana haki, lakini kinacholaliwa ni godoro pamoja na kitanda chini yake. Fanya jaribio lisilo na gharama: lala juu ya godoro hilo hilo likiwa limetandikwa sakafuni kwa usiku tatu au nne. Maumivu yakipungua, kagua chaga za kitanda. Huenda moja imevunjika, zimeachana mno, au zimepinda katikati kiasi kwamba kiuno kinazama huku mabega na miguu ikibaki juu. Fundi seremala ataongeza chaga tatu au nne kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na bei ya godoro jipya. Maumivu yasipobadilika, geuza godoro upande wa kichwani uwe wa miguuni, kisha tazama kama pamebaki shimo mahali kiuno hukaa. Sponji iliyobonyea na kutorudi juu imekwisha, na hakuna shuka wala blanketi la kulifukia shimo hilo.

Ukiamua kununua, usifuate ule ushauri wa miaka mingi kwamba mgongo hutaka kitanda kigumu kama ubao. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania kwa watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu, ambao nusu yao walipewa magodoro magumu na nusu magodoro ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia magodoro ya ugumu wa wastani walikuwa na nafuu kubwa zaidi, kitandani na wanapoamka. Pima hivi: lala chali, kisha pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita bila kugusa chochote, godoro ni gumu mno kwako. Ikikubidi kukisukuma kwa nguvu, unazama. Anayelala ubavu atazame kama uti wa mgongo umenyooka kutoka shingoni hadi nyongani, na amwombe mtu mwingine amtazamie kwa nyuma.

Wauzaji huchanganya ugumu na uzito wa sponji, na mkanganyiko huo huwagharimu wanunuzi fedha nyingi. Ugumu ni namna sponji inavyosukuma mwili unapolala. Uzito ni kiasi cha sponji kilichomo katika ujazo fulani, nao hasa ndio huamua godoro litadumu muda gani kabla ya kubonyea. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa iwe ngumu ikiwa mpya, ikaonekana bora dukani, kisha ikalegea baada ya miezi michache. Bahati nzuri, uzito unapimika kwa mizani ya kawaida. Godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.57. Likiwa na kilo 10, sponji yake haifiki kilo 18 kwa mita ya ujazo, ambayo ni nyepesi mno kwa mtu mzima wa kulilalia kila usiku. Likiwa na kilo 14 imekaribia kilo 25. Likifika kilo 18 imekaribia kilo 32, na hilo linamfaa hata mtu mwenye mwili mkubwa. Omba lipimwe kabla ya kulipa. Maneno yaliyochapishwa kwenye kitambaa cha godoro, yakiwemo yale yanayodai kwamba ni la mifupa, hayaonyeshi kuwa daktari yeyote wa mifupa amelikagua.

Mito ya ziada ni bidhaa rahisi ambayo ningeitaja kabla ya godoro kwa mtu mwenye fedha kidogo. Alalaye ubavu aweke mto kati ya magoti ili mguu wa juu usivute nyonga. Alalaye chali auweke chini ya magoti. Blanketi lililokunjwa hufanya kazi ile ile.

Kuna jambo moja la kutofautisha hapa. Kijana, au mtu yeyote ambaye tatizo lilimwanza kabla ya miaka 45, akiwa anaamshwa na maumivu nusu ya pili ya usiku, na mgongo wake ukibaki umekaza kwa zaidi ya nusu saa kila asubuhi kisha ukalegea kwa kutembea lakini si kwa kupumzika, na hali hiyo ikadumu zaidi ya miezi mitatu, anapaswa kuchunguzwa ugonjwa wa uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo. Godoro bora kuliko yote halitamsaidia, na kila mwaka unaopita bila tiba unaweza kumpunguzia uwezo wa kuinama.

Maumivu huja mchana unapokaa

Kabla ya kununua kiti cha ofisini cha bei ghali, kunja taulo kama gogo jembamba, uliweke nyuma ya kiuno usawa wa mkanda wa suruali, na ukae mpaka nyuma ya kiti. Nyayo ziguse sakafu na nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Ukipata nafuu kwa siku mbili tatu, umejua kwamba unachohitaji ni kitu cha kuegemeza kiuno, na mto mdogo wa sponji wa fundi wa makochi utatosha. Usipopata nafuu yoyote, kiti kipya chenye kiegemeo cha kiuno huenda nacho kisikupe.

Anayefanya kazi kwa kompyuta ndogo akiwa ameketi kitandani au kwenye kochi laini anajiumiza kwa namna ambayo mto hauwezi kurekebisha. Meza na kibodi ya pembeni vitamfaa kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu skrini itaweza kuinuliwa juu ya vitabu hadi usawa wa macho huku mikono ikibaki chini. Hata hivyo, hakuna mkao mzuri wa kukaliwa saa nne mfululizo. Saa ya kengele katika simu, ikilia kila baada ya nusu saa ili mtu asimame na kutembea hatua chache, ina thamani kubwa, na kila mtu tayari anayo.

Madereva wa bodaboda na malori wana chanzo cha ziada, yaani mtikisiko. Kwao manunuzi ya kwanza yafanyike gereji: shokapu zilizochoka zibadilishwe, upepo wa matairi uwekwe kipimo chake, na sponji ya kiti iliyolala ijazwe upya. Pochi nene itolewe mfuko wa nyuma, kwa kuwa humfanya mtu akae upande siku nzima.

Maumivu huja wakati wa kazi za nyumbani au baada yake

Sehemu hii haizungumzwi vya kutosha, pengine kwa sababu vifaa vyake haviuzwi katika maduka ya dawa. Mwanamke anayefagia uwanja kwa fagio fupi la chelewa, akapika kwenye jiko lililo chini, akafulia katika beseni lililo sakafuni na kupiga deki kwa tambara la mkononi, anaweza kuinama kwa saa tatu au nne kila siku. Akipewa mafuta ya kuchua atapata nafuu usiku, kisha asubuhi atarudia yale yale. Kwake yeye bidhaa za mgongo ni mpini mrefu wa fagio, dekio lenye mti wa kufika kifuani, na meza imara ya kuwekea beseni ili maji yawe usawa wa kiuno. Jiko liinuliwe juu ya jukwaa la matofali lililosimama imara, mbali na watoto wanaokimbia. Naomba familia zilitazame jambo hili kwa uzito, kwa kuwa gharama yake ni ndogo na anayelipa kwa mgongo wake mara nyingi ndiye asiyeulizwa anahitaji nini.

Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, yana maji yale yale lakini hayauvuti mwili upande mmoja. Wakati wa kunyanyua, chuchumaa karibu na mzigo, uusogeze mwilini, kisha inuka kwa miguu bila kujipinda. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo. Anayechota mbali kila siku atafaidika zaidi na toroli kuliko na mkanda wa kiuno.

Mgongo umekaza ghafla

Mtu aliinama kuokota kitu, akashindwa kuinuka. Hali hii inatisha, lakini kwa walio wengi hupungua sana ndani ya wiki chache, mara nyingi kabla ya wiki 6. Kulala kitandani zaidi ya siku moja au mbili huchelewesha kupona. Bidhaa za kununua hapa zichaguliwe kwa lengo moja, nalo ni kumwezesha mgonjwa kuanza kutembea mapema.

Joto ndilo la kuanza nalo. Mfuko wa mpira wa kutilia maji ya moto, uliofungwa vizuri na kuzungushiwa taulo, uwekwe kwa dakika 15 hadi 20 na kurudiwa mara kadhaa kwa siku. Maji yasiwe yanayochemka, na mgonjwa asilale usingizi juu yake. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia katika ngozi anaweza kuungua bila kujua, kwa hiyo asitumie joto bila mtu wa kumwangalia. Barafu haina ushahidi mzuri kama wa joto kwa mgongo; hata hivyo, anayeona inamtuliza katika siku mbili za mwanzo anaweza kuitumia ikiwa imefungwa kwa kitambaa.

Dawa za kupaka ni za aina mbili, na lebo husomwa ili kuzitofautisha. Zenye mentholi, kafuri au methili salisilati hupoza au kuchoma ngozi na hivyo kupunguza hisia ya maumivu kwa muda. Zenye diklofenaki hupenyeza dawa ya kupunguza uvimbe. Aina zote mbili zisipakwe kwenye jeraha, na mfuko wa maji ya moto usiwekwe juu ya mahali palipopakwa, kwa sababu ngozi huweza kuungua. Mwenye mzio wa aspirini, au anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aepuke methili salisilati mpaka aulize mfamasia. Krimu za pilipili zilizotengenezwa kiwandani zimo miongoni mwa vitu ambavyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unasema vinaweza kutolewa kwa maumivu sugu. Pilipili ya jikoni isipakwe mgongoni.

Katika vidonge, parasetamoli ndiyo hununuliwa zaidi, lakini utafiti uliofanyika Australia kwa watu 1,652 na kuchapishwa mwaka 2014 haukuona kwamba iliharakisha kupona kwa maumivu mapya ya mgongo kuliko kidonge kisicho na dawa. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Ibuprofeni husaidia kiasi, ikitumiwa baada ya chakula, kwa siku chache, bila kupita miligramu 1,200 kwa siku kwa anayejinunulia. Isichanganywe na diklofenaki, kwani ni dawa za kundi moja na madhara yake hujumlishana. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, au mjamzito, hasa baada ya wiki 20, asizinunue bila ushauri. Wengi huomba sindano wakiamini inaponya zaidi; diklofenaki ya sindano ni dawa ile ile iliyopita njia nyingine.

Maumivu yanashuka hadi chini ya goti

Maumivu yanayopita takoni na kushuka hadi kwenye kigimbi au unyayo, yakiwa na vichomi au ganzi, huashiria neva iliyosumbuliwa, mara nyingi na diski iliyotokeza, yaani kile kitu laini kilicho kati ya pingili. Wengi hupata nafuu bila upasuaji, ingawa huchukua wiki nyingi hadi miezi. Mito ya kulalia, joto na matembezi mafupi yanayorudiwa ndivyo vya kutegemea. Usikubali kukanyagwa mgongo wala kunyongwanyongwa na mtu asiye na mafunzo. Mguu ukianza kuburuzika, au kidole gumba cha mguu kikishindwa kuinuka, nenda hospitali bila kusubiri.

Mikanda, mashine za umeme na dawa za chupa

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani niliokwisha kuutaja unashauri kwamba mikanda ya kiuno na mashine ndogo zinazopitisha umeme kwenye ngozi zisitolewe kama tiba ya kawaida ya maumivu sugu ya mgongo. Mtu anayepata ahueni kwa kuvaa mkanda wakati wa kazi fulani nzito hana haja ya kuutupa, mradi hauvai siku nzima badala ya kujenga misuli. Aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiguse mashine hizo.

Tahadhari kubwa zaidi naielekeza kwa dawa zinazouzwa kama mitishamba na kuleta nafuu ya ajabu ndani ya siku moja. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu virutubisho vya jina la Artri King baada ya vipimo kukuta diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Deksamethasoni ni steroidi. Ikitumiwa muda mrefu hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kinga ya mwili, na kuiacha ghafla ni hatari. Tanzania, usajili wa dawa uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kenya, uko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo irudishwe kwa muuzaji.

Miezi mitatu imepita na mgongo bado unauma

Katika hatua hii faida ya vitu vya kununua hupungua, na ya mazoezi huongezeka. Mkeka wa kufanyia mazoezi, au jamvi juu ya blanketi, na viatu vya kutembelea visivyobana ndivyo vifaa vikuu. Zoezi lolote ambalo mtu ataweza kulifanya kila wiki kwa miezi mingi lina faida kuliko lile zuri atakaloliacha. Kutembea, kuogelea kwa walio pwani, na mazoezi ya tumbo na makalio yaliyoelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, yote yanafaa. Fedha iliyokusudiwa kwa mashine ya umeme ingelipia ziara kadhaa kwa mtaalamu huyo.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na ukipe wiki mbili au tatu, la sivyo hutajua kilichosaidia. Unapokwenda kituo cha afya, chukua vifungashio vya kila dawa uliyotumia, ya dukani na ya mitishamba, kwa kuwa daktari hawezi kuchagua dawa salama kwa figo na tumbo lako bila kujua ulichokwisha kumeza.